Namna ya kupata kikundi cha kuacha pombe kilicho karibu nawe

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kukubali kwamba pombe imemzidi nguvu, na sasa anataka kukaa na wenzake wanaopambana nayo. Ndugu anayemtafutia mtu wake pia atapata cha kumsaidia humu, ila simu na siku ya kwanza ni kazi ya mhusika mwenyewe. Kama bado unabishana na nafsi yako iwapo umefika huko, kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Lina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Ukipata 8 au zaidi, unywaji wako una hatari. Ukifika 20 au zaidi, huenda tayari mwili umeitegemea pombe, na unahitaji kupimwa na mtaalamu.

Hatua ya 1: Onana na mhudumu wa afya kabla ya kuacha ghafla

Nimeanza hapa makusudi. Watu wengi wakishaamua hutaka kuacha usiku huohuo na kwenda kikundini kesho yake wakiwa wasafi. Kwa mnywaji wa mwisho wa wiki hilo halina neno. Kwa mtu anayekunywa kila siku, hasa yule ambaye asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie, ni jambo la hatari. Pombe ni miongoni mwa vilevi vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuua.

Arosto ya pombe kwa kawaida huanza ndani ya siku moja tangu kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kukatika. Wengine huanguka na kukakamaa kama wenye kifafa, mara nyingi ndani ya siku 2 za mwanzo. Hali mbaya kuliko zote huja zaidi siku ya pili hadi ya nne: mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu au watu wasiokuwepo, joto linapanda. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, wala si wa kuombewa au kupewa maji ya limao nyumbani.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa, na uulize kama unaweza kuachia nyumbani au unahitaji kulazwa. Kama uliwahi kuanguka kifafa ulipoacha zamani, litaje hilo kabla hujaulizwa. Wahudumu wana dawa za kutuliza zinazotolewa kwa siku chache tu, na hutoa vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu mara nyingi huwa amepungukiwa nayo na upungufu huo hudhuru ubongo. Ukiwa hapo hapo, uliza habari za kikundi. Mara nyingine safari nzima ya kutafuta huishia kwenye dawati hilo.

Hatua ya 2: Fahamu aina za vikundi

Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambacho kila mtu hukiita AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, pale Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, alipokutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa walevi, na Wilson alikuwa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye ili yeye mwenyewe asirudi baa. Hadi leo AA huendeshwa na walevi wanaopata nafuu, bila mtaalamu mbele ya chumba. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, mwishoni kikapu hupita, asiye na kitu hupitisha tu. Wanafuata hatua 12 zilizochapishwa mwaka 1939, na ndani yake Mungu anatajwa, ingawa kwa maneno ya kumwachia kila mtu amwelewe anavyomwelewa. Wako wasioamini chochote wanaokaa humo miaka na miaka, na wako waliotoka mkutano wa kwanza kwa sababu ya sala ya kufunga.

SMART Recovery, iliyopata jina hilo mwaka 1994, inakwenda kwa njia nyingine. Kuna mwezeshaji aliyefunzwa, na kikao hushughulika na mbinu: namna ya kuipita hamu ya pombe inapokuja, namna ya kupima faida na hasara za kunywa, namna ya kubishana na wazo la "moja tu haidhuru". Hulazimiki kujiita mlevi. Msalaba wa Bluu ni wa zamani kuliko wote hao: mchungaji Louis-Lucien Rochat aliuanzisha Geneva, Uswisi, mwaka 1877, na umejengwa juu ya imani ya Kikristo. Women for Sobriety ni wa wanawake pekee, ulioanzishwa na Jean Kirkpatrick mwaka 1975 baada ya kuona mambo mengi yanayowasumbua wanawake hayasemeki mbele ya wanaume. Mbali na hivi kuna vikundi visivyo na jina kubwa: cha kliniki ya afya ya akili, cha soba hausi (nyumba wanamolala watu wanaotibiwa ulevi) kinachopokea watu wa nje, cha kanisa au msikiti.

Kipi kinafaa? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba AA na tiba zinazomwelekeza mtu AA hazipitwi na tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na katika kumfanya mtu aache kabisa mara nyingi huzishinda. Kwangu mimi, swali la aina lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kikundi cha mtindo usioupenda kinachokutana mtaa wa pili kila Jumanne kinakufaa zaidi ya kikundi bora kilicho mbali, utakachokwenda mara moja na kuahirisha mara nne.

Hatua ya 3: Ulizia, mtandaoni na kwa watu

Anza na simu yako. Tovuti za AA na SMART Recovery zina ukurasa wa kutafuta mikutano, na AA wana programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyo jirani nawe. Sehemu nyingine programu hiyo haina kitu; hiyo haimaanishi hakuna kikundi. Tafuta pia kwa maneno ya kawaida pamoja na jina la mji wako: "kikundi cha kuacha pombe", "mkutano wa AA", "soba hausi", "ushauri nasaha wa ulevi". Chochote utakachopata kichukue kama fununu mpaka mtu akithibitishe, maana ratiba hubaki mtandaoni muda mrefu baada ya kikundi kuhama chumba.

Kisha uliza watu, na uwachague vizuri. Nesi wa kliniki ya afya ya akili anajua zaidi ya daktari mkuu, kwa kuwa ndiye anayewapeleka wagonjwa huko. Maofisa wa ustawi wa jamii hukutana na kesi za ulevi kila wiki. Soba hausi iulizie hata kama huna mpango wa kulala humo. Wengi waliotoka huko huendelea na mikutano ya nje, na wasimamizi wanajua ni wapi. Vikundi vingi hukodi au huazimwa chumba kwenye jengo la ibada au ukumbi wa jamii, na hapo mtu wa kumuuliza ni yule mwenye funguo. Yeye ndiye anayefungua mlango na kupanga viti, anajua watu gani huja jioni gani, wala hatakuuliza maswali mengi.

Ukiona haya, uliza kwa niaba ya ndugu. "Nina ndugu anataka kuacha pombe, kuna kikundi hapa?" ni swali lisilomchoma mtu, na mwenye kujibu hana haja ya kujua ndugu huyo ni nani.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kwenda

Hapa ndipo wengi hukwama. Namba ipo, simu ipo, siku zinapita. Andika maneno machache kwenye karatasi uyasome kama yalivyo:

"Habari yako. Nimepata namba hii kwenye orodha ya vikundi vya kuacha pombe. Naomba kujua kama bado mnakutana, na kama mgeni anaruhusiwa."

Baada ya hapo mwenye simu ataendesha mazungumzo. Kwa vikundi vya kusaidiana, mara nyingi anayepokea naye aliwahi kuwa mlevi, na hakuna unachoweza kusema kitakachomshtua. Wala humsumbui. Kumsaidia anayeanza ni sehemu ya namna wakongwe wanavyobaki soba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usikate simu kabla ya kupata haya: siku na saa, jengo na mlango wenyewe (majengo makubwa yana milango mingi, na kuzungukazunguka ukiwa na wasiwasi ni sababu tosha ya kurudi nyumbani), na kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Mkutano wa wazi huingiwa na yeyote, hata dada yako anayekusindikiza. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Uliza pia wanatumia lugha gani, na kama wewe ni mwanamke, uliza kama wanawake wengine huhudhuria. Mwisho omba mtu akusubiri nje dakika 10 kabla. Ombi hilo wamelizoea.

Simu isipopokelewa, usiache ujumbe wenye maelezo yako kama simu unayotumia hushikwa na wengine nyumbani. Tuma ujumbe mfupi: "Nauliza kuhusu mkutano wa jioni," basi.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Usinywe kabla ya kwenda ukiweza kujizuia bila hatari. Ukiwa umekunywa, nenda hivyohivyo, ukae kimya usikilize. Vikundi vingi havimfukuzi mtu kwa harufu ya pombe, bali kwa fujo. Fika mapema kidogo. Anayechelewa huingia watu wote wakimgeukia, na hicho ndicho kitu cha mwisho unachokihitaji siku hiyo.

Utakuta viti vimepangwa duara au safu. Mkutano huchukua saa 1 hadi saa 1 na nusu. Kwa AA, mtu husoma maneno ya kufungulia, kisha mmoja husimulia alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa, halafu wengine huchangia kwa zamu. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba hakuna anayemjibu mwenzake. Mtu anasema usiku alilia peke yake jikoni, anamaliza, wanamshukuru, anafuata mwingine. Mwanzoni huonekana kama ubaridi. Ukikaa utaona faida yake: kila mtu anaongea bila kuhofia kusahihishwa au kupewa mawaidha. Kwenye vikao vya SMART mambo ni tofauti, watu huulizana na kujadiliana.

Zamu ikikufikia, sema: "Naitwa fulani, leo nasikiliza tu." Jina la kwanza linatosha, na hata hilo si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Hakuna fomu ya kujaza. Yanayosemwa humo hayatoki nje, na wewe pia unafungwa na kanuni hiyo: ukimkuta jirani yako au bosi wako, hukumuona. Usione ajabu ikitokea. Yeye pia atakuwa anawaza kuhusu wewe hayohayo unayowaza kumhusu.

Usiondoke mara tu kikao kinapofungwa. Zile dakika 15 za watu kukunja viti na kuongea mlangoni mara nyingi zina manufaa kuliko mkutano wenyewe. Hapo ndipo namba za simu hutolewa. Chukua mbili au tatu, na upige mojawapo kabla ya siku mbili kupita, hata kama huna shida, ili kidole kizoee. Siku hamu ya pombe itakapokubana saa 5 usiku hutaweza kumpigia mtu ambaye hujawahi kumpigia kabla.

Hatua ya 6: Hudhuria mara kadhaa, kisha kipime

Mkutano mmoja hautoshi kuhukumu. Jioni moja msemaji anachosha, nyingine mtu mmoja anakula muda wa wote. Nenda mara nne au tano, na kama mjini kwenu kuna zaidi ya kikundi kimoja, zunguka.

Unapopima, mwangalie mtu mpya kuliko wote chumbani, yaani wewe au aliyekuja baada yako. Kuna aliyemsogelea? Anayesema ameteleza wiki hii anasikilizwa au anasimangwa? Angalia pia kama wapo waliokaa miaka mingi bila pombe, maana kikundi cha wapya watupu hakina wa kumuuliza "ulipitaje hapa?"

Dalili za kuondoka nazo ziko wazi. Kikundi kinachokudai pesa nyingi ili "upone". Kiongozi anayedai yeye ndiye njia pekee, au anayekutaka ukate mguu kwa ndugu zako wote. Mtu anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari: zipo dawa halali za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni na akamprosati, na wapo wanaotumia dawa za sonona au kifafa, mwanakikundi hana mamlaka juu ya hizo, na AA yenyewe huwaambia wanachama wake wasijifanye madaktari. Hili la mwisho husemwa kwa mnong'ono, nami nalisema waziwazi: wako wakongwe wanaowanyemelea wageni kimapenzi. Mtu aliyeacha pombe majuzi ana upweke mkubwa na ulinzi mdogo. Mlezi wako, yaani yule mzoefu utakayemwomba akushike mkono katika zile hatua 12, awe mtu ambaye hakuna mvuto wa namna hiyo kati yenu. Ndiyo sababu desturi ni mwanamke kuchukua mwanamke na mwanamume kuchukua mwanamume. Akikusumbua mtu, mwambie mwenyekiti, na kama mwenyekiti ndiye msumbufu, badilisha kikundi.

Ukiteleza katikati ya safari, hudhuria mkutano unaofuata na uliseme. Usisubiri "utulie kwanza". Kukaa nje kwa aibu ndiko kunakogeuza usiku mmoja kuwa miezi.

Na ndugu? Kuna Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia na marafiki wa walevi, na Alateen ya mwaka 1957 kwa vijana. Hivyo haviendi kumwachisha mtu pombe. Ni vya wao wenyewe, na wanaweza kuvihudhuria hata kama mlevi wao hajakubali lolote.

Kama hakuna kikundi karibu

Kwanza tumia mikutano ya mtandaoni. AA na SMART zote zinayo, kwa video au kwa sauti tu, na unaweza kuzima kamera na kuandika jina lolote. Vaa spika za masikioni na utafute pembe ambayo hakuna anayekusikia. Upungufu wake ni kwamba ni rahisi mno kubonyeza na kutoka jambo likianza kukugusa, na hakuna wa kukusindikiza hadi kituo cha basi. Kwa hiyo shikamana na mkutano uleule, saa ileile, mpaka watu wazijue habari zako.

Njia ya pili ni kuanzisha. Kwa kanuni za AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, ilimradi kama kikundi wasijifungamanishe na kitu kingine chochote. Lakini usianzishe ukiwa umeacha juzi na huna mkongwe nyuma yako. Mtafute mlezi hata kama ni wa kwenye simu, na ukae soba kwa muda kwanza. Kisha omba chumba mahali ambapo mtu akionekana anaingia hakuna atakayejua anafuata nini: jengo lenye shughuli nyingi ni bora kuliko nyumba ya mtu. Chagua siku moja na saa moja, usizibadilishe, na ukae humo hata jioni ambazo uko peke yako na viti vitupu, kwa sababu anayekuja kwa mara ya kwanza akikuta mlango umefungwa huenda asirudi tena. Mpelekee nesi wa kliniki karatasi yenye siku, saa, mlango na namba moja ya simu, na uhakikishe namba hiyo ina mtu wa kuipokea.